Kiowevu cha Kuvunia Joto Linalopotea

Maji ya Wampembe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika ulio mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye takriban nyuzi 97 za Selsiasi, ilhali ya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa kuwa kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupungua kadiri nchi inavyoinuka. Kanuni hiyohiyo, inayochelewesha maharage jikoni, ndiyo inayotawala ugeuzaji wa joto la jenereta ya dizeli kuwa umeme.

Katika mzunguko wa Rankine kiowevu huchemshwa, mvuke wake ukazungusha turbini, yaani gurudumu lenye mapanga, kisha ukapozwa hadi kurudi kuwa kiowevu. Maji ya rejeta ya jenereta, ambayo aghalabu huwa na nyuzi 80 hadi 95, hayawezi kuchemsha maji mengine kwa mgandamizo wa kutosha. Kwa hiyo hutumiwa kampaundi za kaboni zinazochemka mapema, kama pentani, ambayo huchemka kwenye nyuzi 36 na ambayo mvuke wake hubaki mkavu ndani ya turbini, bila matone ya kula mapanga. Ng'ambo ya ziwa, huko Kiabukwa, Katanga, mtambo wa namna hii wa kilowati 200 hivi ulianza mwaka 1952 kwa maji ya chemchemi yenye nyuzi 91 tu.

Hata hivyo, kuchagua kwa kutazama kiwango cha kuchemka peke yake ni kosa kubwa. Mtambo wa Paratunka, Urusi, ulitumia mwaka 1967 gesi ya friji R-12, ambayo baadaye ilipigwa marufuku chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. Na warithi wake kadhaa, wanaoongeza joto la dunia, wanapunguzwa kwa makubaliano ya Kigali ya 2016. Pentani haina makosa hayo, lakini hushika moto upesi.

Tena upo upande wa kupoza, ambao husahauliwa mno. Katika usiku wa baridi wa Juni na Julai huko Ufipa, pentani ikipozwa hadi nyuzi 25, mgandamizo wake hushuka chini ya ule wa hewa ya nje, na penye ufa hewa hufyonzwa ndani, ikapunguza nguvu na kuleta hatari ya moto. Isopentani, inayochemka kwenye nyuzi 28 usawa wa bahari, bado husukuma kuelekea nje, kwa kuwa kanieneo ya hewa ya Ufipa ni ndogo.