Baruti iliyolowa Manza: kwa nini kombora moja linahitaji viwanda vingi

Ukitoka Tanga mjini kuelekea Horohoro, upande wa bahari kuna Ghuba ya Manza. Tarehe 14 Aprili 1915 meli ya mizigo iliingia humo ikikimbia. Kwa nje ilijifanya Kronborg, meli ya Denmark. Kwa kweli ilikuwa Rubens, meli ya Kiingereza iliyotekwa na Wajerumani. Ilibeba makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg, iliyokuwa imejificha Rufiji, pamoja na bunduki, risasi na makombora ya mizinga. Nyuma yake ilikuja manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikiipiga mizinga.

Nahodha Carl Christiansen aliiacha meli izame kwenye maji mafupi huku moto ukiwaka juu. Waingereza wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Wajerumani wakarudi, wakazamisha wapiga mbizi, wakatoa shehena sanduku baada ya sanduku.

Sasa jiulize: kwa nini wahangaike hivyo? Koloni lilikuwa na reli, karakana na mafundi. Si wangetengeneza makombora mengine tu?

Kombora lina nini ndani?

Ukilitazama kwa nje, kombora ni chuma tu. Lakini lipasue kwa mawazo uone.

Kwanza kuna mwili wa chuma cha pua. Lazima ustahimili msukumo mkubwa ndani ya mtutu bila kupasuka, maana likipasukia humo linawaua wapigaji wenyewe. Chuma cha namna hiyo kinataka tanuru kubwa na mashine za kukereza kwa vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita.

Pili, kiunoni kuna mkanda wa shaba. Shaba ni laini, kwa hiyo inabanwa kwenye mifereji iliyozunguka ndani ya mtutu, na kombora linatoka likizunguka kama pia. Bila mzunguko huo lingepinduka hewani na kwenda ovyo.

Tatu, kuna baruti mbili zenye kazi tofauti: moja inasukuma, nyingine inapasua. Zote zinahitaji asidi ya naitriki. Wakati huo malighafi yake kuu ilikuwa shura kutoka Chile, na Uingereza ilikuwa imeifunga njia ya bahari. Ujerumani yenyewe iliponea kwenye viwanda vilivyotoa amonia kutokana na naitrojeni ya hewani, kama kile cha Oppau kilichoanza 1913. Afrika Mashariki haikuwa na kiwanda cha aina hiyo.

Nne, kuna fyuzi na fataki, vitu vidogo kuliko vyote na vigumu kuliko vyote.

Hata wenye viwanda walikwama. Mwezi Mei 1915 magazeti ya London yalipiga kelele kwamba makombora hayatoshi, na serikali ikaunda Wizara ya Silaha chini ya David Lloyd George. Koloni, kwa upande wake, lilikuwa na Taasisi ya Amani kule Usambara, iliyoweza kutengeneza kwinini kutokana na magome ya miti. Dawa iliwezekana. Kombora lilikuwa habari nyingine.

Baruti ikilowa

Turudi Manza. Risasi nyingi zilikuwa zimekaa kwenye maji ya chumvi. Je, zilikuwa zimekufa?

Inategemea baruti. Ile nyeusi ya zamani ni mchanganyiko wa shura, mkaa na kiberiti. Shura inayeyuka majini, kwa hiyo ikilowa sana inaharibika moja kwa moja. Baruti isiyotoa moshi imetokana na nyuzi za pamba zilizotiwa asidi. Hiyo haiyeyuki majini. Ikilowa haiwaki vizuri, lakini ukiisafisha chumvi na kuikausha inaweza kurudi kazini.

Fataki ndiyo iliyokuwa tatizo. Kemikali yake ilitokana na zebaki, na unyevu uliidhoofisha. Unafyatua, unasikia "tak", basi. Kwa hiyo mafundi walifungua risasi kwa mikono, wakasafisha baruti, na nyingine wakazibadilishia fataki. Kazi hiyo ilichukua miezi, na bado baadhi ziligoma.

Nani aliyebeba?

Königsberg ilizamishwa Rufiji Julai 1915. Mizinga yake 10 ikaopolewa, na ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam. Hapo hesabu ikageuka. Kombora moja la mizinga hiyo, pamoja na ganda lake la baruti, lilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Huo ni mzigo wa mpagazi mmoja. Mzinga ukipiga makombora 50, umemaliza kwa muda mfupi jasho la watu 50 waliotembea wiki kadhaa.

Na mpagazi anakula. Tuseme anakula kilo moja ya unga kwa siku: kwa safari ya siku 25 anahitaji chakula chenye uzito sawa na kombora lake. Nani atabeba hicho chakula? Mpagazi mwingine, ambaye naye anakula. Umeona mambo yanavyokuwa?

Kwa pande zote mbili mzigo uliangukia watu wa huku, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Kufikia mwishoni mwa 1917 mizinga ya Königsberg ilikuwa imekwisha: mingine imetekwa, mingine imeharibiwa na wenyewe. Jeshi lililobaki lilivuka Ruvuma na kuishi kwa risasi za kunyang'anya, kuanzia kwa Wareno pale Ngomano. Liliposalimisha silaha Mbala, Novemba 1918, bunduki zake nyingi zilikuwa za Kireno na za Kiingereza.

Siku nyingine ukiona mzinga wa zamani makumbusho, kama ule wa Königsberg uliopo Fort Jesus, Mombasa, usiishie kutazama mtutu. Uliza makombora yake yalitengenezwa wapi, na yalifika kwenye vichwa vya nani.