Fimbo na Wenzo: Askari Achague Kipi kwa Urukaji wa Mezani?

Si watu wengi watakaosadiki kwamba chombo kinachopangwa madukani pamoja na vitu vya kuchezea watoto kina nasaba na jeshi. Mwaka 1934 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliliamuru jeshi la anga la nchi yake kubeba barua za posta. Marubani waliozoea kuruka mchana katika anga jeupe wakajikuta wakiruka usiku, ndani ya theluji na mawingu, na kabla ya miezi mitatu kwisha zaidi ya 10 kati yao walikuwa wamekufa. Hapo ndipo wakubwa wa jeshi hilo walipokikumbuka kisanduku cha mbao kilichobuniwa mwaka 1929 na Edwin Link, kijana aliyelelewa katika karakana ya baba yake ya kutengeneza vinanda. Kisanduku kilikuwa na kiti, fimbo, pedali na saa za ndege, na kiliyumbishwa na mivukuto ileile iliyotumika katika vinanda. Jeshi likanunua 6, kwa dola 3,500 kila kimoja. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha vilikuwa vimetengenezwa zaidi ya 10,000.

Nasi hapa Malawi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta habari za ukungu. Tarehe 10 Juni 2024 ndege ya Jeshi la Malawi aina ya Dornier 228 iliondoka Lilongwe kwenda Mzuzu, ikashindwa kutua kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, na ilipokuwa inarudi ikaanguka katika msitu wa Chikangawa. Watu wote 9 waliokuwamo walifariki, miongoni mwao Makamu wa Rais Saulos Chilima na wanajeshi waliokuwa kazini. Hatulitaji tukio hilo ili kudai kwamba kifaa cha mezani kingemwokoa mtu. Tunalitaja ili msomaji aelewe kwa nini askari mzima, mwenye mke na watoto, huketi usiku mbele ya kompyuta akijifunza kusoma saa za ndege, na kwa nini hatumcheki.

Swali tunaloulizwa na askari walio Lilongwe na Mitundu, na hata na vijana wa makazi ya Dzaleka kule Dowa, ambako Kiswahili cha Kongo na Burundi husikika katika kila uchochoro, ni moja: katika mwigo wa ndege za kivita, mtu anunue fimbo ipi na wenzo upi? Fimbo ndiyo ile ambayo rubani huishika kwa mkono wa kulia ili kuinua na kushusha pua ya ndege na kuilaza ubavu. Wenzo ni ule wa mkono wa kushoto, unaoongeza au kupunguza nguvu ya injini. Jozi ya vitu hivyo huandikwa HOTAS juu ya makasha, nayo maana yake ni kwamba vitufe vyote vya lazima vitani vimewekwa palepale mikono ilipo, ili rubani asilazimike kuachia chochote anapolenga shabaha.

Muuzaji atakuambia idadi ya vitufe. Sisi tunasema muulize kwanza mnunuzi mwenyewe: unataka kurusha ndege gani?

Chukueni ndege mbili ambazo wapiganaji wa Afrika Mashariki wanazifahamu. Tanzania ilikuwa na MiG-21 wakati wa vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Kenya ilianza kupokea F-5 zake mwaka 1978. Zote mbili zimo katika mwigo uitwao DCS World, MiG-21bis tangu mwaka 2014 na F-5E tangu mwaka 2016. MiG-21 ina injini moja, kwa hiyo wenzo mmoja unatosha. Breki za magurudumu yake hubanwa kwa mkono, kwa kijiwenzo kilicho kwenye fimbo, na pedali huamua tu gurudumu lipi libanwe zaidi. F-5 ina injini mbili, na breki zake hukanyagwa kwa ncha za miguu. Mtu wa MiG basi hahitaji wenzo uliopasuliwa mara mbili wala pedali zenye breki. Anahitaji fimbo yenye kijiwenzo cha kubana kidogo kidogo. Mtu wa F-5 akinunua wenzo mmoja hatajifunza kamwe kuiongoza ndege ambayo injini yake moja imezimika, na hilo ndilo somo kubwa la ndege yenye injini mbili.

Helikopta ni jambo jingine kabisa. Wanajeshi wa Malawi na Tanzania waliotumikia mashariki ya Kongo kuanzia mwaka 2013, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa pamoja na wenzao wa Afrika Kusini, waliziona helikopta za Rooivalk zikiingia vitani kwa mara ya kwanza. Aliyerudi kutoka huko akataka kuonja kazi ile mezani ajue kwamba mkono wa kushoto wa rubani wa helikopta haushiki wenzo wa kusukuma mbele. Hushika mkono mrefu ulio kando ya kiti, unaovutwa juu ili chombo kipae. Wenzo wa kawaida unaweza kutumika badala yake, lakini lazima programu iambiwe igeuze mwelekeo, vinginevyo mkono utafundishwa uongo. Tena fimbo ya helikopta haitakiwi kurudishwa katikati kwa nguvu; springi kali itamchosha mwanafunzi kabla hajajua kuelea mahali pamoja.

Sasa tuingie ndani ya fimbo yenyewe, maana hapo ndipo fedha za watu hupotelea.

Fimbo nyingi za bei ya chini hupima mwendo wa mkono kwa potenshiometa, yaani kijiti cha chuma kinachokwaruza juu ya ukanda wa kaboni, kama kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Kila mtu aliyewahi kuigeuza redio iliyokaa vumbini anaijua sauti ile ya kukwaruza. Ndani ya fimbo hakuna sauti, bali ndege huruka ghafla kana kwamba mkono umetetemeka, na mtu hujilaumu bure. Nchi yetu ina miezi mingi ya kiangazi, na vumbi jekundu la Dowa na la barabara za vijijini Lilongwe haliombi ruhusa ya kuingia. Fimbo bora hutumia sumaku na kihisi kisichogusana nayo, kwa kufuata kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879. Kwa kuwa hakuna kinachokwaruza, hakuna kinacholika.

Kwa mfano, T.16000M ya kampuni ya Thrustmaster ina kihisi cha sumaku katika fimbo, ingawa ni ya plastiki na haina sura ya kutisha. Tena mshiko wake waweza kubadilishwa ukamfaa anayetumia mkono wa kushoto. T.Flight Hotas X ya kampuni hiyohiyo ni nafuu, ina wenzo unaoweza kutenganishwa na fimbo, na inamfaa anayeanza, lakini ni ya potenshiometa. Juu kabisa ya hizo ipo HOTAS Warthog iliyotolewa mwaka 2010, nakala ya vyuma ya mikono ya ndege A-10C. Hiyo ina wenzo wa injini mbili na uzito wa kuridhisha, lakini bei yake ni mara kadhaa ya zile nyingine. Jambo moja juu yake husahauliwa: fimbo yake haizunguki kushoto na kulia.

Kuzunguka huko si pambo. Katika fimbo nyingi za mezani ndiko kunakoshika nafasi ya pedali za usukani wa mkia. Aliyenunua Warthog bila pedali atajikuta hawezi kuinyosha ndege juu ya uwanja, naye atalazimika kutoboa mfuko mara ya pili. Kwa maoni yetu, askari ambaye mshahara wake una watu wengi wanaousubiri anunue fimbo ya sumaku inayozunguka, aache wenzo kwa muda. Nyingi za fimbo hizo zina kijiwenzo kidogo pembeni kinachotosha kwa miezi ya mwanzo.

Vitufe 30 havina faida kwa mtu ambaye fimbo yake inatambaa mezani. Fimbo za kweli za MiG na F-5 zinasimama sakafuni kati ya magoti, nazo ni ndefu. Mkono husogea sana ili ndege isogee kidogo. Fimbo ya mezani ni fupi, kwa hiyo mguso mdogo huwa pigo kubwa. Inasimuliwa kwamba F-16 ilipoanza kurushwa fimbo yake haikusogea kabisa, ilihisi tu nguvu ya kiganja, na marubani hawakuipenda mpaka ikapewa nafasi ndogo ya kusogea. Dawa kwetu sisi ni kuifunga fimbo imara kwenye ubao, ubao ukabanwa chini ya mapaja, kisha katika programu kupunguza ukali wa mwitiko karibu na katikati. Fundi seremala yeyote wa sokoni Mitundu ataufanya ubao huo kwa saa moja. Kitakachobaki ni lile eneo la katikati ambalo fimbo haijibu: lifanyeni dogo kadiri iwezekanavyo, maana ndilo linaloficha makosa ya mkono.

Kuhusu vifaa vilivyokwisha tumiwa hatuna maneno mengi. Bidhaa za nchi yetu hupitia bandari za Dar es Salaam, Beira na Nacala, na kuirudisha fimbo mbovu ilikotoka ni hadithi ndefu. Usitoe fedha kabla hujaichomeka katika kompyuta na kufungua dirisha la kupimia vidhibiti. Zungusha fimbo polepole ukiitazama alama ya msalaba: isiruke, na ukiachia irudi palepale ilipoanzia. Sukuma wenzo kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mwendo wa konokono. Kifaa hunyonya umeme wa kompyuta yenyewe, volti 5 tu, kwa hiyo tundu lililochoka nalo huleta kasoro zinazofanana na ubovu wa fimbo; jaribu tundu jingine kabla ya kumwita muuzaji mwongo. Na tangu kimbunga Ana kilipouharibu mtambo wa umeme wa Kapichira mwezi Januari 2022, hakuna mtu wa Lilongwe anayehitaji kuelezwa faida ya kompyuta yenye betri.

Lipo onyo moja linalowahusu askari kuliko raia. Michezo ya aina hii huwakutanisha watu wa mataifa mbalimbali, nao hubishana. Mwaka 2021 mshabiki wa mchezo wa War Thunder, akitaka tu kuthibitisha kwamba kifaru cha Challenger 2 kimechorwa vibaya, alitoa hadharani kurasa za kitabu cha siri cha jeshi la Uingereza. Hakulipwa hata senti. Jina la kikosi chako, cheo chako na ulichokiona kazini visiingie katika mabishano hayo, hata kama unayebishana naye anakosea waziwazi.

Zoezi la kwanza baada ya kuifunga fimbo lisiwe la kupiga risasi. Panda futi 5,000, nyosha mabawa, funika dirisha la mbele kwa mawingu ya programu, kisha tazama saa peke yake. Shika fimbo kwa vidole viwili, si kwa ngumi. Sindano ya kimo ikitulia kwa dakika 5 mfululizo, geuka taratibu kushoto, kisha kulia, bila kupoteza futi 100. Ukilifanya hilo mara tatu, ndipo ufungue kifuniko cha kitufe cha mizinga.