Mwasumini Haukatai Mkasi

Mama mmoja jirani yangu hapa Unguja aliniita uani kwake kunionyesha mwasumini uliompita kimo. Majani tele, mabichi, yanang'aa, lakini hakuna ua hata moja. "Mwanangu, huu umepigwa jicho," akaniambia. Nikauchunguza, kisha nikamwomba mkasi.

Ulaya maua mengi ya bustani husubiri baridi iishe ndipo yachanue. Pwani yetu haina majira hayo. Hapa maua huitikia joto, jua na mvua. Mvua za vuli zikiilainisha ardhi iliyokauka, mwasumini huchipua, na siri yote imo humo: asumini hutoka kwenye ncha za vichipukizi vipya. Tawi kuukuu halitoi ua mpaka lichipue upya.

Ndiyo maana tunapogoa. Ncha ya tawi hutengeneza homoni inayoyazuia macho ya pembeni yasiamke. Ukiikata ncha hiyo, kizuizi huondoka. Tazama kifundo cha mwasumini: majani mawili yameelekeana, na kwenye kwapa la kila jani kuna jicho dogo. Kata juu kidogo ya kifundo, na tawi moja litakupa matawi mawili. Kila tawi likibeba tumba zake, aghalabu tatu tatu, umeshaongeza mavuno. Pogoa maua yanapopungua, na usizidishe theluthi ya mti kwa mara moja.

Mkasi peke yake hautoshi. Mwasumini unataka jua la saa sita hivi kwa siku. Ukiwa kivulini hurefuka na kuchelewa kuchanua. Udongo upitishe maji, kwani maji yakituama mizizini majani hugeuka manjano. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, mti hunenepa majani na kusahau maua. Mboji kiasi yatosha.

Tumba nazo zina saa yake. Ile ya kijani, ngumu, bado. Iliyo tayari ni nyeupe, imevimba, na ncha yake imefumba. Ichume alasiri, uiweke kwenye sahani. Magharibi ikiingia itafunguka yenyewe na chumba kizima kinukie. Mmea huu huachia harufu yake zaidi usiku, na ua jeupe huonekana hata gizani. Ndivyo maua ya namna hii yanavyowaita nondo. Wafungaji wa vikuba, yaani vishada vya kunukia, wanaijua saa hiyo: asumini hukutanishwa na rehani na kilua zikiwa bado mbichi. Ukingoja asubuhi, petali zinaanza kulegea, na zikikaa huingia wekundu.

Mwasumini asili yake ni Asia ya Kusini, na ule tunaoupanda majumbani ni nadra kutoa mbegu. Huenea kwa vipande vya matawi, mkono kwa mkono. Karibu kila mwasumini unaouona uani ulikuwa tawi la mwasumini wa mtu mwingine.

Basi ukimaliza kupogoa, usiyatupe matawi. Chagua yaliyoanza kukomaa, ukate vipande vya sentimita 15, uondoe majani ya chini na kuvichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Vikishika mizizi, kimoja panda, vingine wapelekee majirani.