Protini Itoayo Habari za Ini Baada ya Upasuaji

Ini lina uwezo wa ajabu: likikatwa sehemu, hukua tena. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa wa saratani ya ini waweza kuondolewa sehemu yenye uvimbe na kuendelea kuishi. Lakini mpasuaji amalizapo kazi yake hubakiwa na swali zito: je, ugonjwa wote umeondoka, au zimesalia seli chache zisizoonekana kwa macho? Swali hili si la bure, kwa maana zaidi ya nusu ya wagonjwa hao hurudiwa na ugonjwa katika muda wa miaka mitano.

Sehemu ya jibu imo katika damu. Mtoto angali tumboni mwa mama yake, ini lake hutengeneza protini iitwayo alfa-fetoprotini. Baada ya kuzaliwa kazi hiyo hufifia, hata katika damu ya mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupatikana chini ya nanogramu 10 katika kila mililita. Mwaka 1963 Garri Abelev na wenzake mjini Moscow walieleza kuwa wameiona protini hiyo kwa panya wenye uvimbe wa ini. Mwaka 1964 Yuri Tatarinov, naye wa Urusi ya Kisovieti, akatangaza kuikuta kwa binadamu mwenye saratani ya ini. Seli za saratani zilikuwa zimerudia kazi ya utotoni.

Protini hii haidumu katika damu. Isipoongezwa nyingine, kiasi chake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 5 hivi. Tuchukue mfano wa mgonjwa mwenye nanogramu 800 siku ya kupasuliwa. Ikiwa uvimbe wote umeondolewa, siku ya 5 tutazamie 400. Siku ya 10, 200. Siku ya 20, 50. Na siku ya 35, kama 6 tu. Kipimo kikikwama penye 200, au kikishuka kisha kikapanda, yaelekea pana mahali ambapo protini ingali ikitengenezwa, na daktari hana budi kupatafuta.

Hata hivyo, kipimo hiki kina mipaka. Uvimbe mwingine hautoi protini hii kabisa, na ini lililoshambuliwa na virusi vya hepatitisi huweza kuitoa bila saratani. Kwa hiyo wataalamu hupima pia prothrombini yenye kasoro, ambayo uhusiano wake na saratani ya ini ulielezwa mwaka 1984. Ikiwa nyingi kabla ya upasuaji, mara nyingi huashiria kuwa uvimbe umekwisha kupenya mishipa ya damu, na hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa zaidi.

Wanafunzi na wachore mchoro wa namba tulizozitaja, siku zikiwa chini na nanogramu zikiwa kando. Kisha wachore wa pili, wa mgonjwa aliyekwama penye 200. Watakapoilinganisha michoro hiyo miwili, wataelewa kwa nini mgonjwa ambaye kidonda chake kimekwisha kupona huambiwa arudi kutolewa damu tena na tena.