Kichwa kimegonga lami, mbona daktari hajaagiza CT scan?

Abiria wa bodaboda kaanguka, kichwa kikagonga lami. Kainuka mwenyewe, kajipangusa vumbi, anasema yuko poa. Ndugu wamemkokota hadi idara ya dharura na sasa wanang'aka: mbona hapigwi CT scan?

Swali ni la haki. Ila kabla ya mashine, daktari ana maswali yake.

CT scan ni eksirei nyingi zinazopigwa kuzunguka kichwa, kisha kompyuta inazigeuza kuwa picha za vipande vyembamba, mithili ya slesi za mkate. Mgonjwa wa kwanza alipigwa kipimo hiki London mwaka 1971. Kinachotafutwa zaidi ni damu, ambayo ikiwa mbichi huonekana nyeupe kwenye picha. Eksirei ya kawaida inaweza kuonyesha mfupa uliovunjika, lakini damu iliyo ndani ya fuvu haiioni. Kwa hiyo ile kauli ya "tumepiga eksirei, kichwa kiko safi" haitoshi.

Daktari huanza na fahamu. Anatumia kipimo cha Glasgow, kilichoanza 1974, kinachoangalia macho, maneno na viungo, na kutoa alama 3 hadi 15. Aliyepata 8 kushuka chini hali yake ni mbaya. Huyo hana mjadala, anasaidiwa kupumua na anapelekwa CT scan.

Ubishi uko kwa wenye 13 hadi 15, kama abiria wetu. Wengi wao picha hutoka safi.

Mwaka 2001, madaktari wa Canada wakiongozwa na Ian Stiell walichapisha kanuni ya kuwachuja watu wa aina hii, hasa waliozimia au kupoteza kumbukumbu, baada ya kufuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000 katika hospitali 10. Picha inahitajika kama saa mbili baada ya ajali mtu hajafikisha alama 15, ametapika mara mbili au zaidi, ana miaka 65 kwenda juu, au kuna dalili kuwa fuvu limevunjika, mfano maji maji kutoka puani au masikioni, au weusi kuzunguka macho yote mawili. Namna ajali ilivyotokea nayo inahesabika: mtembea kwa miguu kugongwa na gari, kurushwa nje ya gari, au kuanguka kutoka juu.

Kanuni hiyo haikupimwa kwa watoto chini ya miaka 16, wala kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hao wa dawa, daktari huwa mwepesi zaidi kuwapiga picha, kwa hiyo asifichwe.

Sasa kwa nini wasipigwe wote, yaishe? Kwanza kuna mionzi. Kwa mtu mzima ni kidogo, lakini kwa mtoto madaktari hufikiria mara mbili. Halafu kuna pesa na umbali. Kwa mtu wa kijijini Tanzania au Kenya, CT scan mara nyingi maana yake ni rufaa hadi hospitali kubwa, nauli, na bili. Mashine ikijaa wasioihitaji, anayevuja damu anakaa foleni.

Lakini kuongea vizuri si cheti cha usalama. Machi 2009, mwigizaji wa Uingereza Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Canada. Alisema yuko sawa. Baadaye kichwa kikaanza kuuma, na siku mbili baada ya kuanguka alifariki. Damu ilikuwa imevuja kati ya fuvu na utando wa ubongo.

Ndiyo maana anayeruhusiwa bila picha hupewa masharti: asikae peke yake kwa saa 24 za mwanzo. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, degedege, maneno kuchanganyika, mkono au mguu kukosa nguvu, hapo ni kurudi hospitali usiku huohuo.

Na kama alikuwa amekunywa, msiseme "mwacheni alale, pombe zitaisha". Kukoroma kwa mlevi na kukoroma kwa mtu ambaye ubongo wake unabanwa na damu, kwa macho tu, vinafanana. Asiyeamshika apelekwe hospitali.