Soketi Isiyojibu: Mfumo Endeshi na Uchaguzi wa Viwango vya Muunganisho

Mtu achomekapo waya wa printa katika kompyuta, aghalabu hudhani kwamba kilichobaki ni kuchapa tu. Waya umeingia barabara, umeme upo, taa inawaka. Hata hivyo, huenda kompyuta isitambue kabisa kwamba kuna printa. Kosa si la waya wala si la soketi. Mgeni amefika mlangoni, lakini hakuna mwenyeji anayeijua lugha yake.

Mwenyeji huyo ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia sehemu zote za kompyuta tangu inapowashwa. Windows, macOS na Linux ni mifumo endeshi. Ndani yake mna programu ndogo ziitwazo draiva, na kila moja hujua namna ya kuwasiliana na aina fulani ya chombo. Nayo makubaliano yanayoeleza umbo la soketi, kiasi cha umeme na utaratibu wa kupelekeana habari huitwa kiwango cha muunganisho. Kiwango chaweza kuandikwa kwa ustadi mkubwa, na viwanda vikatoa soketi kwa mamilioni. Lakini maadamu mfumo endeshi haukitambui, soketi hubaki tundu tupu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

USB yangoja kukaribishwa

Hadi katikati ya miaka ya 1990, kompyuta ya kawaida ilikuwa na soketi za namna nyingi: ya kibodi, ya kipanya, ya printa, ya modemu. Mwezi Januari 1996 kilitolewa kiwango kipya kilichoitwa USB, kazi ya makampuni saba: Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel. Nia ilikuwa soketi ya namna moja ichukue nafasi ya zile nyingi. Soketi hiyo iliweza kupitisha biti milioni 12 kwa sekunde na kukipa chombo umeme kidogo, na mtambo mmoja wa USB uliweza kuhudumia vyombo hadi 127.

Soketi zilianza kuonekana katika kompyuta mpya, lakini Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, haikuijua USB. Msaada wa kwanza, tena hafifu, ulipatikana mwaka 1997. Mabadiliko ya kweli yalikuja mwaka 1998. Mwezi Juni ilitoka Windows 98, iliyoitambua USB vizuri zaidi. Mwezi Agosti kampuni ya Apple ilianza kuuza iMac, kompyuta iliyoacha soketi za zamani za kibodi na printa na kuweka za USB. Ndipo watengenezaji wa printa na skana walipoona kwamba soko lipo.

Uamuzi wa mwaka 2001

Wakati huohuo kulikuwa na kiwango kingine, FireWire, kilichoanzishwa na Apple na kuidhinishwa mwaka 1995 kwa jina la IEEE 1394. Hiki kilipitisha biti milioni 400 kwa sekunde, na kilipendwa hasa na watengenezaji wa kamera za video. Mwezi Aprili 2000 USB nayo ilipata toleo la pili, USB 2.0, lenye biti milioni 480 kwa sekunde.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha tofauti. Faili la baiti milioni 600 lina biti milioni 4,800, kwa kuwa kila baiti ni biti 8. Kwa USB ya kwanza lingehitaji sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Kwa FireWire lingehitaji sekunde 12, na kwa USB 2.0 sekunde 10. Hivyo ni vipimo vya karatasini. Katika matumizi halisi kasi hupungua.

Mwaka 2001 Microsoft ilikuwa ikiandaa Windows XP. Ilitangaza kwamba mfumo huo ungetoka na msaada wa FireWire, bali si wa USB 2.0. Wengi walishangaa, kwa kuwa Microsoft yenyewe ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa USB. Sababu iliyotolewa ni kwamba vyombo vya USB 2.0 vilivyokamilika havijapatikana vya kutosha kufanyia majaribio. Windows XP ilitoka Oktoba 2001 bila msaada huo, na Microsoft iliuongeza katika marekebisho ya Septemba 2002.

Kwa nini viwango vyote visipokelewe?

Sababu ya kwanza ni usalama wa mfumo. Draiva nyingi hufanya kazi katika kiini cha mfumo endeshi, na kosa la draiva moja laweza kuiangusha kompyuta nzima. Mfano maarufu ulitokea Chicago mwezi Aprili 1998, Bill Gates alipokuwa akiionyesha Windows 98 kabla haijauzwa. Msaidizi wake alichomeka skana ya USB, na mbele ya hadhira kompyuta ikakwama na kuonyesha skrini ya buluu ya hitilafu. Kila kiwango kinachoongezwa ni mlango mpya, na kila mlango hauna budi kulindwa.

Sababu ya pili ni gharama. Mwaka 1999 Apple ilitaka ada ya dola moja kwa kila soketi ya FireWire. Baada ya malalamiko, wenye hataza waliungana na kuipunguza hadi senti 25 kwa kila mashine. Hata hivyo, USB ilibaki rahisi zaidi kutengeneza, kwa kuwa kazi kubwa ya kuongoza mazungumzo hufanywa na kompyuta, si na chombo.

Sababu ya tatu ni masilahi. Apple, yenye FireWire yake, haikuweka USB 2.0 katika kompyuta zake hadi mwaka 2003.

Gharama humwangukia nani?

Mtengenezaji anaposubiri, mtumiaji ndiye hulipa. Aliyenunua chombo cha USB 2.0 mwishoni mwa 2001 alilazimika kutafuta draiva kwa mtengenezaji wa soketi, la sivyo chombo kilijikokota kwa kasi ya zamani. Mwalimu aliyekuwa na Windows 98 alihitaji draiva ya pekee kwa kila flashi, ilhali Windows 2000 ilizitambua flashi kwa draiva yake yenyewe. Mambo yalijirudia kwa USB 3.0: Linux iliitambua Septemba 2009, lakini Windows ilingoja hadi toleo la 8, mwaka 2012.

Kufunga mlango nako kuna hasara. Mwaka 2025 Apple iliondoa msaada wa FireWire katika toleo jipya la macOS. Kamera nyingi za video za mwaka 2000 hutoa picha za kanda zake za dijitali kwa FireWire. Kamera yaweza kuwa nzima na kanda nzima, lakini kompyuta mpya isiweze kuzisoma kwa njia hiyo. Kinachopotea hapo si waya. Ni sauti na sura za watu zilizohifadhiwa katika kanda.

Kwa hiyo, shule inaponunua au kupewa chombo, haitoshi kutazama kama waya unaingia. Yafaa kuuliza mambo mawili: je, mfumo endeshi uliopo unakitambua kiwango hicho bila draiva ya pekee? Na je, toleo litakalofuata litaendelea kukitambua? Nazo kanda za zamani zihamishwe sasa, wakati kompyuta inayozijua bado inawaka.