Pete ya Mwaka Mmoja

Pete ya uzazi wa mpango ni duara laini la silikoni au plastiki, upana wake sentimita 5 na nusu hivi, ambalo mwanamke hulikunja kwa vidole na kulisukuma mwenyewe ukeni. Homoni mbili zilizomo ndani yake, projestini na estrojeni, hutoka kidogo kidogo na kuingia kwenye damu. Huzuia yai kupevuka, na huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za kiume zishindwe kupita. Kwa utendaji wake ni ndugu wa vidonge vya majira, ila hakuna cha kumeza kila siku.

NuvaRing, iliyotangulia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, hutumika wiki 3 kisha hutupwa. Annovera, iliyobuniwa na shirika la Population Council na kuidhinishwa Marekani Agosti 2018, ni moja kwa mwaka mzima: hukaa ukeni siku 21, hutolewa siku 7 ili hedhi ipite, huoshwa kwa maji na sabuni isiyo kali, kisha hurudishwa.

Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, Tanzania, mama anayefika kliniki ya serikali hukuta vidonge, sindano, kijiti, kitanzi na kondomu, bila malipo. Pete si sehemu ya huduma hizo za kila siku. Hata hivyo, ukiipima kwa mazingira ya huko, uzito wake unaonekana. Mkazi wa Kibaha mjini ana barabara kuu ya Morogoro na Hospitali ya Tumbi jirani. Wa vijiji vya ndani vya Kisarawe, masika yakikolea, ana tope na nauli ya bodaboda. Sindano humrudisha kituoni kila baada ya miezi 3. Kijiti humpumzisha miaka 3 hadi 5, lakini kukitoa lazima apatikane mtaalamu. Pete huitoa mwenyewe siku anayotaka, na uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, wakati aliyeacha sindano anaweza kungoja miezi kadhaa. Tena Annovera haihitaji jokofu. NuvaRing huhitaji ubaridi kabla ya kumfikia mtumiaji, sharti gumu kwa joto la Pwani.

Uhuru huo una gharama yake. Kijiti kikishawekwa hakisahauliki, na kwa mwaka wanaoshika mimba hawafiki mmoja kati ya 100. Katika majaribio ya Annovera walikuwa kama 3 kati ya 100, na matumizi ya kawaida yana usahaulifu zaidi. Pete ikikaa nje zaidi ya saa 2 katika zile siku 21, kondomu inahitajika kwa siku 7. Kuna na jambo ambalo vijitabu vya dawa hulipita haraka: siri. Anayechomwa sindano hana cha kuficha nyumbani; mwenye pete anatafuta pa kuihifadhi siku 7 kila mwezi, pengine katika nyumba ya kupanga yenye bafu la wote.

Maudhi ya kawaida ni kichwa kuuma, kichefuchefu, matiti kuuma na majimaji ukeni. Hatari kubwa, ingawa ni ya nadra, ni damu kuganda kwenye mishipa, na inatokana hasa na estrojeni. Kwa hiyo pete hii haiwafai wenye shinikizo la juu la damu, waliowahi kupata kiharusi au saratani ya matiti, wala wavutaji sigara waliovuka miaka 35. Mama aliyetoka kujifungua na ananyonyesha ana njia nyingine salama zaidi. Rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kufubaza VVU hupunguza nguvu yake.

Wala haikingi VVU. Pete ya dapivirini, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 baada ya majaribio yaliyohusisha pia Uganda na Malawi, ni kitu kingine: hiyo hupunguza hatari ya VVU lakini haizuii mimba.

Mtumiaji wa pete ya homoni akiona mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kikimbana ghafla, au akishindwa kuona vizuri, huitoa pete na kuwahi hospitali siku hiyo hiyo.